Uhuru Unaofungwa Mkononi

Ukitaka kujua kwamba Desemba imebisha hodi jijini Nairobi, usitazame kalenda. Nenda siku ya Ijumaa kwenye soko la Wamaasai, pale Village Market, Gigiri. Utakuta bangili, vipuli na vishikio vya funguo vya rangi za bendera vimetandazwa, vikingoja Sikukuu ya Jamhuri.

Usipite mbio. Chuchumaa umtazame mama akifanya kazi. Sindano yake huokota ushanga mmoja mmoja: mweusi wa wananchi, mwekundu wa damu iliyomwagika, wa kijani wa ardhi, na mweupe wa amani. Shanga hizo za kioo, nyingi zimekuwa zikitoka Jamhuri ya Cheki, lakini ufundi ni wa kwetu.

Nilipokwenda huko nilikuwa na deni moyoni. Mwaka 2003, Kenya ilipotimiza miaka 40 ya Uhuru, Benki Kuu ilitoa sarafu ya ukumbusho ya shilingi 40, ya rangi mbili, yenye sura ya Rais Mwai Kibaki. Marehemu baba alinipa moja akaniambia, "Hii si ya kununulia peremende." Miaka ikapita. Siku moja nikiwa chuoni nauli ilinipungukia, nikampa utingo sarafu ile. Matatu ilipoondoka ndipo nilipotambua nilichokitoa.

Basi mama aliponitajia bei ya bangili, nilianza kuvutana naye kama ilivyo ada, hata nikamfikisha nusu. Hakukasirika. Alinionyesha vidole vilivyochomwachomwa na sindano, akasema taratibu, "Mwanangu, Januari shule zinafunguliwa."

Nilinyamaza. Nikamlipa bei yake ya kwanza.

Bangili hiyo nilimfunga binti yangu mkononi. Nilimweleza maana ya kila rangi, kisha nikamsimulia kisa cha sarafu ya babu yake, ingawa kiliniaibisha.

Nawe msomaji, kabla ya kuwapeleka watoto sokoni, waeleze habari za Uhuru Gardens, kando ya Barabara ya Lang'ata, ambako bendera yetu ilipandishwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963. Hapo wataelewa bangili ile inasema nini. Patana bei, ndiyo, lakini usimkamue fundi. Na ukishanunua, kitunze. Kumbukumbu ikishakutoka mkononi, huipati tena hata ukirudi sokoni na gunia la fedha.