Wateja Wasio na Dira

Nilipofanya kazi kwenye mamlaka moja ya maji, hifadhidata yetu ilikuwa ya Oracle. Kulikuwa na jedwali la wateja na jedwali la dira, na kanuni ilikuwa mteja mmoja, dira moja. Lakini wengi hawakuwa na dira kabisa, walilipa kwa makadirio. Kwa hiyo mwonekano wa kuwaonyesha pamoja niliujenga kwa uunganisho wa nje: kila mteja atokee, na asiye na dira aachiwe nafasi tupu pembeni ya jina lake.

Kusoma hakukuwa na taabu. Taabu ilikuja dada wa dawati la wateja alipotaka kuijaza ile nafasi. "Kaka, namba ya simu nikibadilisha inakubali. Namba ya dira mbona inanigomea?"

Iligoma kwa kosa la ORA-01779. Oracle hukuruhusu kubadilisha jedwali ambalo ufunguo wake umebaki kuwa ufunguo hata ndani ya mwonekano. Wateja walitimiza sharti hilo. Dira hazikulitimiza, maana palipokuwa patupu hapakuwa na mstari wowote nyuma yake. Ungebadilisha nini?

Mwenzangu mmoja akaiondoa alama ya (+), ile inayoufanya uunganisho uwe wa nje, kwenye sharti la kuunganisha. Kosa likatoweka, na wateja wote wa makadirio wakatoweka nalo kwenye skrini, tena wiki ya kutoa ankara. Tuliirudisha alama mchana uleule.

Dawa ilikuwa triga ya kufanya kazi badala ya amri yenyewe. Kuiandika ni kazi ya asubuhi moja. Kujua iseme nini kulituchukua vikao. Nafasi ilikuwa tupu na sasa ina namba: ingiza dira mpya. Namba imebadilika: sahihisha. Je, karani akiifuta namba? Mama mhasibu ndiye aliyeuliza, na sikuwa na jibu. Huenda dira imeibwa, au imeng'olewa kwa deni, au karani anafuta tu ili aandike upya. Ukiufuta mstari, usomaji wa miaka yote unabaki bila mwenyewe, na mteja akija kubisha ankara huna cha kumwonyesha.

Mwaka 1985 Codd, mwasisi wa hifadhidata za uhusiano, aliweka kanuni kwamba mwonekano unaoweza kubadilishwa kinadharia, mfumo uweze kuubadilisha wenyewe. Namheshimu sana mzee huyo, ila kanuni yake haikuniambia dira imekwenda wapi. Tuliamua triga ikatae kufuta. Dira inayoondolewa ikapata fomu yake, yenye tarehe, sababu na usomaji wa mwisho.

Baadaye tulihamia PostgreSQL. Huko, tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, mwonekano unaojibadilisha wenyewe ni ule wa jedwali moja tu. Wetu ulikuwa wa mawili, kwa hiyo hata namba ya simu ya mteja ikabidi ipitie kwenye triga.