Crime Alley Ilikuwa na Jina Lingine

Mabishano ya Batman nimeyachoka. Ni yale yale kila siku: nani mkali kati yake na Superman, ni muvi gani iko juu, ni muigizaji gani alifaa zaidi. Leo nataka tuongee kuhusu mji wake, Gotham, kwa sababu kuna kitu kwenye mitaa ya ule mji ambacho kimenisumbua kwa muda mrefu.

Kwanza historia kidogo. Batman alitokea mara ya kwanza 1939, na mwanzoni alikuwa anakimbizana na wahalifu New York. Kufikia 1941 alikuwa amepewa mji wake mwenyewe, Gotham City. Bill Finger, mmoja wa wale wawili waliomuumba Batman, alisema jina alilitoa kwenye kitabu cha nambari za simu, alipoona duka la sonara lenye jina hilo. Lakini jina lenyewe ni la kitambo. Mwandishi Washington Irving aliitania New York kwa kuiita Gotham tangu 1807, na alikuwa amelikopa kutoka kijiji cha Uingereza ambacho watu wake walisifika kwa ujinga. Yaani mji mzima ulianza na jina la matusi. Kama umekulia mtaa wenye jina baya, hiyo kitu unaielewa bila kuelezwa.

Sasa tufike Crime Alley, Kichochoro cha Uhalifu. Hapa ndipo wazazi wa Bruce Wayne walipigwa risasi wakitoka kutazama filamu, mtoto akiwa amesimama pale pale. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba hiyo barabara ilikuwa inaitwa Park Row, na ilikuwa sehemu ya matajiri. Ndiyo maana daktari tajiri kama Thomas Wayne alikuwa anatembea hapo usiku na mke wake na mtoto. Baadaye wenye pesa walihama, majumba yakaachwa, jina likabadilika. Waliobaki walirithi jina jipya, na hawakuulizwa.

Ukishaona hiyo mara moja, utaiona kila mahali Gotham. Kwenye filamu ya Batman Begins ya 2005 kuna kisiwa kinaitwa The Narrows. Nyumba zimebanana, maskini ndio wanaishi huko, na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Arkham imewekwa hapo hapo katikati yao. Mambo yanapoharibika, madaraja yanainuliwa ili shida ibaki upande ule. Mwishoni Gordon anamwambia Batman kwamba mjini kuna matumaini tena, ila The Narrows imepotea. Halafu wanaanza stori ya Joker. Mtaa mzima umepotea, na hatusikii mengi zaidi ya hayo!

Kwenye vitabu vya katuni vya 1999 ikawa zamu ya mji wote. Tetemeko la ardhi lilikuwa limeivunja Gotham, na serikali ya Marekani ikaamua kuukana. Watu wakaambiwa wahame, kisha madaraja yakalipuliwa. Waliobaki walikuwa wengi wao wale wasio na pa kwenda. Unajua nani alikuwa anawatunza watoto mayatima kwenye bustani ya Robinson Park? Poison Ivy, adui wa Batman.

Lakini stori ambayo hainitoki kichwani ni ya Jason Todd.

Mwaka wa 1987 Batman anaegesha gari lake Crime Alley. Akirudi, anapata kuna kijana amefungua tairi. Kijana hana wazazi, analala kwenye jengo lililoachwa, anaiba ili ale. Batman anamchukua na mwishowe anakuwa Robin wa pili. Poa sana, sivyo? Shida ni kwamba wasomaji wengi hawakumpenda. Walimwona ana hasira na kichwa ngumu, si kama Robin wa kwanza, yule mtoto wa sarakasi. Basi 1988 kampuni ikawaacha wasomaji wapige simu waamue kama Jason aishi au afe. Kura 5,271 zilisema aishi. Kura 5,343 zilisema afe. Tofauti ya kura 72, na mtoto wa Crime Alley akauawa.

Nilisoma hizo nambari nikiwa kwa matatu, nikazima simu.

Mimi nimekulia Eastlands. Kwenye ploti yetu kulikuwa na kijana, mlango wa tatu kutoka kwetu. Tulichota maji bomba moja na tukatazama Batman Begins pamoja, kwa DVD ya kununuliwa steji, chumba kizima kimejaa watoto. Alipofika darasa la nane baba yake aliondoka, na shule ikaisha hapo. Baadaye tukaanza kusikia ananyakua vioo vya magari yakikwama barabarani. Siku moja walimshika. Watu walikuwa wengi, na hakutoka hapo mzima.

Habari ilifika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa kabla mama yake hajaambiwa. Mmoja akaweka kidole gumba. Akafuata mwingine, na mwingine. Mimi sikuweka kidole. Niliandika, "Si aliambiwa aache." Nikaona nimeongea kistaarabu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kura yangu. Nimejaribu kuiita jina lingine nikashindwa.

Jason Todd, waandishi walimfufua miaka baadaye. Hiyo ni raha ya katuni.

Kwa hivyo mtu akiniuliza nani shujaa wa Gotham, simtaji Batman. Namtaja Leslie Thompkins. Ni mwanamke aliyemkumbatia Bruce ule usiku wa mauaji, na hakuhama Crime Alley. Kwenye stori nyingi ni daktari mwenye kliniki hapo hapo, anamtibu yeyote anayeingia. Batman hurudi Crime Alley usiku mmoja kila mwaka kuwakumbuka wazazi wake. Leslie huamka hapo kila asubuhi, na anawajua watu kwa majina yao.

Mama ya yule kijana bado anauza mboga pale steji. Tangu mazishi, watu wameacha kumwita kwa jina la mtoto wake. Nafikiri wanaona ni aibu, au wanaona wanamhurumia. Siku hizi ni "mama wa sukuma" tu. Hata mimi nilikuwa namwita hivyo.

Jumamosi nilipita kununua nyanya. Nikamwamkia, nikamwita Mama fulani, kwa jina la kijana wake, kama tulivyokuwa tukimwita zamani. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza mama yangu anaendeleaje, akaniongeza nyanya mbili.

Sikumwambia nilichoandika kwenye lile grupu. Sijui kama nitawahi kumwambia. Lakini jina lake nimelirudisha, na nitapita tena Jumamosi ijayo.