Kutua Si Kufika

Akina mama wenzangu, mgeni anapotarajiwa kutoka ng'ambo, swali la kwanza nyumbani huwa ni moja: ndege inatua saa ngapi? Saa hiyo ikishajulikana, kila kitu hupangwa juu yake. Kuku huchinjwa kwa saa hiyo, gari hukodiwa kwa saa hiyo, na sisi wa Mtwara hukata tiketi ya ndege ya pili kwa kuitazama saa hiyo hiyo. Lakini saa ya kutua ni ya ndege. Saa ya mtu kutoka mlangoni na mizigo yake ni nyingine kabisa, na kati ya saa hizo mbili kuna foleni ya Uhamiaji.

Mimi ni muuguzi kwa kazi, na kanisani kwetu nimo katika kamati ya mapokezi na misiba. Katika shughuli hizi nimepokea wagonjwa waliorudi kutoka matibabu India, wanafunzi waliomaliza masomo, na watoto waliokuja kuzika wazazi wao. Wengi wao husema kuwa kilichowachosha zaidi si kukaa angani. Ni kusimama wakingoja muhuri, huku moyo ukiwa umeshatangulia nyumbani. Kwa hiyo naomba tuzungumze juu ya kungoja huko, na jinsi ya kukupangia nafasi yake kabla safari haijaanza.

Neno la bibi mmoja

Miaka michache iliyopita tulifiwa na mama mmoja wa jumuiya yetu. Binti yake wa pekee alikuwa akiishi Ulaya na mumewe na watoto wawili. Alipiga simu akilia, akasema amepata ndege itakayotua Dar es Salaam siku ya Alhamisi saa saba mchana, na kwamba ipo ndege ya kuja Mtwara saa tisa na nusu. Kamati ikakaa. Wazee wakapiga hesabu haraka: atafika hapa saa kumi na nusu, basi mazishi yawe siku hiyo hiyo saa kumi na moja jioni, kabla jua halijazama. Wageni walikuwa wengi, na kila siku ya ziada ilikuwa na gharama zake. Hoja yao ilikuwa na uzito.

Katika kikao hicho alikuwapo bibi mmoja aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, ambaye hajapanda ndege maishani mwake. Aliomba ruhusa ya kusema. Akatukumbusha kivuko cha Kilambo, pale mto unapokaribia bahari. Maji yakijaa, chombo hupita. Yakikupwa, fungu la mchanga hutokea, nanyi mtakaa ukingoni hata kama mna harusi ng'ambo. "Wanangu," alisema, "mtu wa Ruvuma haahidi saa, huahidi siku. Huyo mtoto naye anavuka. Mwekeeni siku, msimwekee saa."

Palikuwa na mabishano, lakini mwisho mwenyekiti alikubali. Mazishi yakapangwa Ijumaa saa tisa alasiri.

Siku ya Alhamisi ndege ilitua kwa wakati wake. Ila zilikuwa zimetua ndege kubwa tatu kwa karibu sana, na watoto wa yule binti walikuwa na pasipoti za kigeni bila viza mkononi. Ikabidi wajaze fomu, wakalipe, wapange mstari wa viza, ndipo waje kwenye dawati la pasipoti. Hakuna aliyewakosea, maofisa walikuwa wakifanya kazi yao, mmoja baada ya mwingine. Walipotoka nje na mabegi, saa kumi ilikuwa imekaribia na ndege ya Mtwara ilikuwa imekwisha kuondoka. Wakalala kwa ndugu, wakaja na ndege ya kesho yake asubuhi. Binti alipata saa nzima ya kukaa peke yake na mama yake kabla jeneza halijafungwa. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika maji ya kunywa, na najua thamani ya saa ile.

Hesabu ya foleni

Kwa nini mtu mmoja hutoka kwa dakika 20, na mwingine, katika kiwanja hicho hicho, hukaa saa mbili? Sisi wauguzi tunalielewa jambo hili kutokana na kliniki ya watoto. Akina mama 60 wakifika pamoja saa mbili asubuhi, wa mwisho atapima uzito wa mtoto wake karibu na adhuhuri. Anayefika saa tano hukuta benchi tupu. Mizani ni ile ile na muuguzi ni yule yule. Kilichotofautiana ni wingi wa watu kwa wakati mmoja.

Uhamiaji ni hivyo hivyo. Chukua mfano wa ndege moja yenye abiria 240 na madawati manane yaliyo wazi. Kila dawati litapata watu 30. Kila mtu akihudumiwa kwa dakika mbili, wa mwisho atapita baada ya saa moja. Ikitua ndege ya pili ya ukubwa huo huo papo hapo, wa mwisho atapita baada ya saa mbili. Na dakika mbili hizo ni za mtu ambaye karatasi zake zimekamilika.

Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi, mwambie ndugu yako atazame ratiba ya kiwanja: ni ndege gani nyingine kubwa zinazotua karibu na saa yake? Kama bahari ilivyo na bamvua na maji mafu, kiwanja nacho kina saa za kujaa na saa za kupwa. Na akiweza kuchagua kiti, achague cha mbele, maana anayetangulia kushuka hutangulia kwenye mstari.

Mlango wetu ni Dar es Salaam

Wako wanaodhani kuwa, kwa sababu tiketi imeandikwa Mtwara, pasipoti itagongwa Mtwara. Sivyo. Ukiingia nchini kwa njia ya Dar es Salaam, muhuri hugongwa pale pale, na mizigo huchukuliwa pale pale na kupita forodha. Ndipo uanze upya safari ya ndani.

Ndege za ng'ambo hutua kwenye Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019. Ndege za kuja kwetu huondokea Jengo la Pili. Haya ni majengo mawili tofauti, na mwenye mabegi na watoto atahitaji gari kutoka moja hadi jingine. Tena kaunta ya mizigo hufungwa mapema kabla ya ndege kuruka. Basi mwenye kusema "nina saa mbili na nusu" kwa kweli ana saa moja na nusu, au chini ya hapo. Na kama tiketi ya Mtwara ilinunuliwa peke yake, kwa shirika lingine, ndege ikimwacha hasara ni yake.

Wengine husema, "Nikiachwa nitapanda basi." Barabara yetu ni nzuri kuliko zamani. Sisi tuliokua kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 tunakumbuka watu walivyokuwa wakilala kando ya Rufiji wakingoja kivuko. Hata hivyo ni kama kilometa 560, na masika yana yake. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika eneo la Somanga na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Aliyetoka safari ya usiku kucha angani asiwekewe basi kama tegemeo la pekee.

Kanuni yangu mwenyewe ni hii. Kwa mtu mzima mwenye afya na pasipoti ya Tanzania, naweka saa nne kati ya kutua na ndege ya Mtwara. Kwa mgonjwa, mzee, mjamzito, mwenye watoto wadogo, au anayekuja msibani, naweka usiku mmoja Dar es Salaam. Fedha ya kulala itengwe tangu mwanzo, kama nauli.

Karatasi zikae mkononi

Viza ndiyo inayogawa familia katika mistari miwili. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo ndugu zetu wengi waliochukua uraia wa huko, pamoja na wakwe na wajukuu, huingia kama wageni. Ada ya kawaida ni dola 50, na kwa Wamarekani ni dola 100. Tangu mwaka 2018 viza inaweza kuombwa kwa intaneti kabla ya kusafiri. Aiombe majuma kadhaa mapema, aichapishe kwenye karatasi, na mstari wa kulipia utakuwa umempungukia.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo isisahauliwe. Anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, kama Kenya, Uganda au Ethiopia, au aliyekaa katika kiwanja cha nchi hiyo zaidi ya saa 12 akibadilisha ndege, hudaiwa kadi. Chanjo huhesabika baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 kadi hutambuliwa kwa maisha yote ya mtu, hata ile ya zamani.

Aandike kwenye karatasi jina la mwenyeji, mtaa na namba ya simu, kwa maana simu huzimika saa ile inapohitajika. Awe pia na kalamu yake.

Nanyi mnaokwenda kuwatembelea watoto Ulaya, jueni kuwa tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi nyingi za huko zilianza kuchukua picha na alama za vidole za wageni mpakani. Wekeni muda wa kutosha huko pia.

Mwili nao una foleni yake

Hapa nasema kama muuguzi. Mtu aliyekaa ndegeni saa nane au kumi hushuka na miguu iliyovimba na mwili uliopungukiwa maji. Kumsimamisha tena saa mbili si jambo dogo.

Mwenye kisukari awe na dawa zake katika mkoba wa mkononi. Insulini isiwekwe kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, kwa sababu inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Abebe barua ya daktari, pamoja na glukosi, juisi au biskuti. Nilipata kumsindikiza mama yangu mkubwa kutoka matibabu, na tukiwa katika mstari alianza kutoka jasho na kutetemeka. Glukosi ilikuwa mfukoni mwangu, si katika begi lililokuwa bado linazunguka mahali fulani. Baada ya robo saa alikuwa akinitania.

Mzee, au aliyefanyiwa upasuaji, aombewe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Wengi huona haya, wakisema wataonekana wamezeeka. Mama, kiti hicho si aibu. Anayekisukuma hujua njia, na mara nyingi msafiri huongozwa hadi dawatini bila kusimama mstari mrefu.

Mjamzito na mwenye miguu mizito wasisimame kama nguzo. Wainue visigino na kuvishusha, wabadilishe mguu, wanywe maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au pumzi ikikatika ghafla, hata siku chache baada ya safari, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa.

Mwenye watoto aende nao chooni kabla ya kuingia kwenye mstari, na nepi mbili, maziwa na nguo ya kubadilisha viwe mkononi.

Nasi tulio nyumbani tuna sehemu yetu. Tusimpigie mgeni simu kumi akiwa mbele ya ofisa. Tukubaliane naye mapema kwamba atatupigia akishatoka nje. Na kikao cha mazishi, harusi au kipaimara kisifunge saa kabla ya kuuliza maswali matatu: anatumia pasipoti gani, viza anayo, na kuna muda gani kati ya ndege na ndege?

Krismasi na Pasaka huwaleta watoto wengi wa Kusini nyumbani. Kama wako ni mmoja wao, zungumza naye sasa, wakati tiketi bado haijalipiwa. Akikwambia ameona safari ya kuunganisha kwa saa mbili, tena kwa bei nafuu, mwombe aitazame tena na kuongeza humo bei ya tiketi ya pili na ya usiku mmoja wa kulala. Akipanga hivyo, atakuja akiwa amepumzika, na chakula utakipika siku ambayo kweli atakila.