Viwanja vya Mpira na Nyumba za Watu

Wengi wenu mwaujua vema mpira wa miguu, lakini ni wachache walioona ule mchezo ambao Wamarekani wanaupenda tangu siku za babu zao, yaani besiboli. Sisi, mume na mke, tumeshika desturi ya kusafiri kwa gari-moshi na kwa basi, kila tupatapo likizo, ili kuvitazama viwanja vyake. Vilabu vikubwa ni 30: 29 vya Marekani, na kimoja cha Toronto katika nchi ya Kanada. Hatujavimaliza, wala hatuna haraka.

Yafaa kwanza tuueleze mchezo kwa maneno machache. Mtu mmoja hurusha mpira mdogo mgumu. Mwingine, mwenye gongo la mti, hujaribu kuupiga. Akiisha kuupiga, hukimbia kupitia vituo vitatu, kisha hurudi pale pale alipoanzia. Akifika salama, timu yake hupata alama moja. Mahali hapo pa kuanzia na kumalizia, Wamarekani hupaita «nyumbani». Basi mchezo wote ni habari ya mtu aliyetoka nyumbani na ataka kurudi, na watu tisa wamemkingia njia. Tuliposikia jina hilo mara ya kwanza tulicheka. Siku hizi hatucheki, na sababu mtaiona.

Kiwanja kikongwe kuliko vyote ni Fenway Park cha Boston, kilichofunguliwa tarehe 20 Aprili 1912. Kimebanwa na barabara pande zote, na kwa kuwa upande wa kushoto nafasi ilikuwa haba, pamesimamishwa ukuta wa rangi ya kijani, wenye kimo cha mita 11 na zaidi. Ndani ya ukuta huo wamo watu ambao hata leo hubandika hesabu za mchezo kwa mikono yao. Viti ni vyembamba, na nguzo humzuia mtu kuona. Tulikipenda, lakini cha kusimulia zaidi kipo Chicago.

Mji huo una vilabu viwili, kimoja kaskazini na kimoja kusini. Kile cha kaskazini chachezea Wrigley Field, kiwanja kilichojengwa mwaka 1914 mahali palipokuwa na seminari ya Walutheri. Ukuta wake umefunikwa na majani ya mmea utambaao, uliopandwa mwaka 1937. Mpira ukinaswa ndani ya majani, mpigaji hupewa vituo viwili, mambo yakaisha. Tena kwa miaka mingi hapakuchezwa usiku hapo, kwa maana jirani zake walizikataa taa. Walisema wataka kulala. Taa ziliwashwa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 1988, na hata sasa mji umeweka mpaka wa hesabu ya michezo ya usiku. Twaomba msomaji akumbuke jambo hili: jirani walisema, na wakuu wakasikia.

Kusini mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Hapo palikuwa na kiwanja cha Comiskey Park, cha mwaka 1910. Tangu 1933, wakati watu weusi walipokuwa bado wanafungiwa milango ya vilabu vikubwa, wachezaji bora wa vilabu vya weusi walikutanika humo kila mwaka, na watu walifika kwa maelfu kuwatazama. Mwaka 1991 kilibomolewa, na kingine, ambacho leo huitwa Rate Field, kikafunguliwa ng'ambo ya barabara. Lakini ng'ambo ile haikuwa tupu. Ulikuwako mtaa wa South Armour Square, wenye wakazi weusi, na nyumba zao zikaondolewa ili kiwanja kipate nafasi. Mahali pa «nyumbani» pa Comiskey ya zamani pameonyeshwa kwa bamba la jiwe katikati ya maegesho ya magari. Nyumba za South Armour Square sisi hatukuziona na alama.

Hata hivyo tuliingia, tena kwa furaha, kwa kuwa sisi ni Wakatoliki, na kiwanja hiki kimepata sifa asiyoitazamia mtu. Tarehe 22 Oktoba 2005, kilabu cha kusini kilipoanza kuwania ubingwa wa nchi nzima, miongoni mwa watazamaji aliketi Padri Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago, aliyekuwa wakati ule Mkuu wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Ubingwa wakaupata, wa kwanza tangu 1917. Tarehe 8 Mei 2025 padri yule alichaguliwa kuwa Baba Mtakatifu Leo wa XIV. Na mwezi ule ule kilabu kikabandika picha yake kwenye nguzo, karibu na sehemu ya 140 alikokuwa ameketi. Tarehe 14 Juni 2025 waamini wapata 30,000 walisali Misa humo pamoja na Kardinali Cupich. Tulisimama mbele ya nguzo ile kitambo. Walikuwako watu waliofanya ishara ya msalaba, na mmoja aliyekuwa akila soseji bila kujali kitu.

Baada ya hapo tulikwenda Los Angeles. Kiwanja cha Dodger Stadium kimekaa juu ya kilima, na nyuma yake milima huonekana ikigeuka rangi jua linapotua. Kwa uzuri wa macho hatujaona kinachokishinda. Lakini kilima kile kilikuwa na vijiji vitatu: Palo Verde, La Loma na Bishop. Walikaa humo familia zaidi ya 1,000, wengi wao wa asili ya Meksiko, watu wa kufuga kuku na kulima bustani zao. Mwaka 1950 mji uliwaandikia barua kwamba yawapasa kuuza na kuhama, kwa kuwa serikali itajenga nyumba mpya za watu wa mapato madogo, nao watakuwa wa kwanza kuchagua humo. Wengi waliondoka. Kisha, mwaka 1953, akaingia meya mwingine aliyeupinga mpango ule, ukafa. Nyumba mpya hazikujengwa hata moja. Ardhi ikapewa kilabu cha Dodgers kilichohama kutoka Brooklyn. Familia chache zilikuwa zimekataa kutoka. Tarehe 8 Mei 1959 askari waliwatoa watu wa familia ya Arechiga, mwanamke mmoja akibebwa kwa mikono na miguu mbele ya wapiga picha, na matingatinga yakafanya yaliyobaki. Kiwanja kikafunguliwa tarehe 10 Aprili 1962. Shule ya Palo Verde imefukiwa chini ya ardhi ile ile ambayo leo magari huegeshwa.

Ni desturi kwamba katikati ya kipindi cha saba watu wote husimama na kuimba. Siku ile mmoja wetu alisimama. Mwenzake alibaki kitini. Usiku, njiani, tulibishana sana. Aliyesimama alisema kwamba watoto waliojaa mle hawana hatia, na kwamba mwaka 1981 kijana wa Meksiko, Fernando Valenzuela, mwenye miaka 20, alirusha mpira kwa ustadi wa ajabu hata watu wa taifa lake wakaanza kumiminika kilimani. Basi wajukuu wa waliofukuzwa wamerudi kwa miguu yao wenyewe, nani atawakataza kuimba? Aliyeketi alijibu kwamba kurudi kwa tiketi si kurudi nyumbani, na kwamba ahadi ya mwaka 1950 haikulipwa na mpira wa mtu yeyote. Hatujapatana hadi leo. Twadhani wote wawili wana neno la kweli, ingawa la pili ni zito zaidi.

Ndipo tukaona yatupasa kwenda Brooklyn, huko Dodgers walikotoka. Kiwanja chao cha Ebbets Field ndicho alichoingia Jackie Robinson tarehe 15 Aprili 1947, mtu mweusi wa kwanza katika vilabu vikubwa katika karne ile. Namba yake 42 haivaliwi tena na wachezaji, ila tarehe hiyo ya kila mwaka, ambapo wote huivaa. Tarehe 23 Februari 1960 walianza kukibomoa kwa tufe la chuma lililopakwa rangi lifanane na mpira wa besiboli. Mwaka 1962, mwaka ule ule wa kiwanja cha Los Angeles, yakafunguliwa mahali pake majengo marefu ya kupanga. Huko kilima, kiwanja kimekalia nyumba. Huku nyumba zimekalia kiwanja, nazo zatosha familia zaidi ya 1,000.

Tuliyazunguka majengo yale mara mbili, tukalikuta jiwe ukutani liyatajalo yaliyokuwako. Mzee mmoja aliyeketi mbele ya mlango alituuliza kama twatafuta chumba cha kupanga. Tukamjibu kwamba sivyo, bali twatafuta mahali pa kiwanja. Akapiga mguu chini mara mbili, akasema tumefika.