Mbuzi Hali Mfuko kwa Ulafi

Ukiteremka kwenye basi mjini Garissa saa saba mchana, jua likiwa utosini, watakaokulaki si watu. Watu wako kivulini. Utalakiwa na mbuzi na makorongo. Mbuzi hao huzurura sokoni kwa madaha utadhani nao wanalipa kodi. Mmoja atanusa begi lako, mwingine atakunyang'anya tikiti mkononi, na wa tatu utamwona amesimama kando ya mtaro akitafuna mfuko wa plastiki kama mzee anayetafuna miraa. Mgeni hucheka akasema, "Wee! Mbuzi wa huku ni walafi, hula kila kitu!"

Mimi niliyezaliwa Bulla Iftin neno hilo huniudhi. Si kweli, na kwa kuliamini tumepoteza mali nyingi.

Hebu tuanze na watoto. Darasani tulifunzwa kwamba mtoto wa mbwa ni kilebu, wa mbuzi ni kimeme na wa ngamia ni nirihi. Orodha hiyo haikutuambia kwamba wote watatu huujua ulimwengu kwa mdomo, sawa na mtoto mchanga anayetia kila kitu kinywani. Kilebu hana mikono, basi akitaka kujua kiatu ni kitu gani hukitafuna. Isitoshe, meno yake ya utoto, 28 kwa jumla, huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu au minne, na meno 42 ya ukubwani huwa yanasukuma ufizi mpaka miezi sita au saba hivi. Ufizi unamsumbua, naye anatafuta cha kusaga.

Askari wa lango shuleni kwetu, mzee mmoja wa kutoka Mwingi, alikuwa na kilebu wa aina hiyo. Siku moja alichukua kandambili mlangoni pa msikiti akaenda zake. Lo! Zogo lililozuka hapo! Sisi wa madhehebu ya Shafii tunajua kwamba kitu kilichopata mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wenzangu walitaka kilebu apigwe, hata kuna aliyekwisha kuokota jiwe. Mzee akasema, "Vijana, tulieni. Mkimfukuza atadhani ni mchezo, na kesho atarudia." Akaleta kipande cha gozi kavu la ng'ombe, kikubwa kuliko kinywa cha kilebu ili asiweze kukimeza, akambadilishia. Kila aliposhika kiatu alipewa gozi. Viatu navyo tukaanza kuviweka juu ya rafu. Mambo yakaisha hivyo, bila kiboko.

Kimeme naye ana meno manane ya mbele, yote ya chini. Juu ana ufizi mgumu tu. Hupapasa kwa midomo yake myepesi, akionja hiki na kile. Hapo hajatofautiana sana na kilebu. Shida ni kwamba kilebu akikua huacha, ilhali mbuzi wetu wanazeeka na tabia hiyo. Tena mbwa akimeza kibaya mara nyingi hutapika. Mbuzi hana bahati hiyo. Yeye hucheua majani, na mfuko hubaki palepale katika tumbo la kwanza kati ya matumbo yake manne.

Nilishuhudia kwa macho yangu mwaka 2022. Ulikuwa ule ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya. Abti yangu, yaani mjomba, alibakiwa na mbuzi kumi na mmoja. Mmoja wao, jike mweupe mwenye maziwa mengi, ndiye aliyetengwa kwa karo yangu ya muhula wa pili. Akaanza kukonda. Ajabu ni kuwa mbavu zilihesabika huku ubavu wa kushoto umevimba, na kila akiletewa majani hunusa tu akageuka. Kucheua akaacha. Abti alimnywesha mafuta ya kupikia, wapi! Mafuta hayayeyushi plastiki. Mwisho akamchinja asije akafa kibudu, na alipopasua tumbo akatoa bonge kubwa kama mpira wa miguu: mifuko, nyuzi za gunia na mchanga, vyote vimesokotana kama kamba. Hakuna aliyesema neno. Tumbo lilikuwa limejaa na mnyama alikuwa anakufa njaa. Karo ilichelewa, nikakaa nyumbani wiki tatu.

Utaniuliza, je, mifuko haikupigwa marufuku? Naam, tangu tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo. Lakini plastiki haiozi. Ile ya zamani iko mchangani na upepo huifukua kila siku, mingine huingia kwa magendo, na karatasi za plastiki za mkate bado ni halali.

Sasa, kwa nini mnyama mwenye akili ale mfuko? Ayeeyo, nyanya yangu, aliyekulia kwenye kuhamahama na ngamia, ana jibu fupi: "Mnyama akila uchafu, anakuitisha chumvi." Daktari wa mifugo naye atakuambia neno lilelile kwa urefu zaidi. Mfuko uliobeba sukari, wali au chumvi hubaki na ladha. Mbuzi aliyekosa chumvi, au fosforasi, au majani magumu ya kujaza tumbo, au mwenye minyoo, huifuata ladha hiyo. Ngamia anahitaji chumvi kuliko mifugo wengine, ndiyo maana wachungaji humpeleka kwenye vichaka vya chumvichumvi. Akikosa fosforasi utamkuta akitafuna mifupa. Hata twiga, ambao tunao hapa karibu na mji, hutafuna mifupa kwa sababu hiyo hiyo. Na mifupa ya mzoga si mchezo, kwani inaweza kubeba sumu inayolegeza miguu na ulimi mpaka mnyama ashindwe kusimama.

Maboksi ni habari nyingine. Wakati wa ukame nilimwona mama jirani akiyalowesha kwenye beseni na kuwapa mbuzi wake, watu wakamcheka. Mimi sikucheka. Boksi limetokana na mti, na vijidudu vya tumbo la mbuzi huweza kulivunjavunja kidogo. Halina nguvu nyingi mwilini, na gundi na wino si chakula, lakini angalau halizibi kama plastiki. Mama yule alijua alichokuwa akikifanya.

Abti sasa hawaachilii mbuzi asubuhi wakiwa na njaa. Huwapa kwanza majani makavu, ndipo watoke. Mabaki ya chakula nyumbani humwagwa kwenye karai, hayatupwi yakiwa ndani ya mfuko. Dawa ya minyoo hutolewa kabla ya mvua na baada yake. Akimwona mbuzi ana mfuko mdomoni hamkimbizi kwa fimbo, kwa maana akishtuka ataumeza haraka. Humwendea polepole na tawi la mgunga, kama mzee wa Mwingi na gozi lake. Na akivimba ubavu wa kushoto kwa siku kadhaa, daktari huitwa mapema, maana upasuaji unawezekana wakati mnyama bado ana nguvu.

Yule jike mweupe aliacha kimeme wa wiki tano. Ayeeyo alimlea kwa maziwa ya mbuzi wa jirani. Alipofika miezi mitatu alianza kutafuna pindo la dira la ayeeyo, kisha daftari langu la hesabu, kisha kamba za viatu. Ayeeyo akafunga bonge la chumvi ya mawe kwenye nguzo ya boma, kimo cha mdomo wake. Siku ya kwanza alililamba mpaka jioni. Pindo la dira bado hulivuta mara mojamoja, lakini mifuko huipita tu.