Muscat ndiko kwenye joto, lakini magari huchemsha Kitonga

Juni 2018 mji wa Qurayyat, ulioko pwani ya Oman mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka hapa Muscat, ulipitisha saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, cha usiku, jua likiwa limekwisha kuzama. Dar es Salaam hata mchana wa Februari ni nadra kupita nyuzi 35. Kwa hesabu hiyo, magari yaliyosimama kando ya barabara huku bonneti ziko wazi na mvuke unatoka yangekuwa mengi Oman kuliko Tanzania. Ni kinyume. Huku unaweza kwenda kutoka Muscat hadi Nizwa mchana wa Julai usikute hata gari moja lililochemsha. Nyumbani, panda mlima wa Kitonga, kuelekea Iringa, mwezi wa Desemba, watu wanapokwenda kula sikukuu mikoani: utayakuta pembeni, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu, abiria wamekaa kwenye majani wakisubiri injini ipoe.

Ndugu na jamaa zangu wakitaka kununua gari huniuliza kama litahimili joto la nyumbani. Jibu langu limekuwa lile lile kwa muda mrefu: joto la nyumbani halina shida na gari lako. Kinachoniuma ni namna tunavyolitunza, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Tuanze na lile ambalo hakuna anayeliepuka. Injini inaishi kwa hewa. Hewa ikipata joto hutanuka, kwa hiyo kila injini inapovuta pumzi hupata oksijeni kidogo kuliko asubuhi ya baridi. Usawa wa bahari, hewa ya nyuzi 15 ina uzito wa kilo 1.225 kwa mita moja ya ujazo. Ikifika nyuzi 45 hubaki kama kilo 1.11. Karibu sehemu moja ya kumi imepotea. Kompyuta ya gari husoma upungufu huo kwa sensa na kupunguza petroli ili mchanganyiko uwe sawa, na nguvu nayo hupungua. Kuna na la pili: hewa ikiingia tayari ina moto, mchanganyiko huweza kulipuka kwenye silinda kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga. Ili kuizuia, kompyuta huchelewesha cheche ya plagi, na hapo nguvu nyingine inakwenda. Ndiyo maana huku kwenye vituo vya mafuta, ambako huuzwa petroli ya M91 na M95, wenye magari yenye mgandamizo mkubwa au tabo huchagua M95 wakati wa kiangazi, kwa kuwa huvumilia zaidi kabla ya kugonga. Ongeza kiyoyozi, kinachozungushwa na injini hiyo hiyo, na kondensa yake iliyokaa mbele ya rejeta ikiirushia hewa ya moto. Mwenye Land Cruiser ya silinda nane hahisi kitu. Mwenye Passo ya lita moja anahisi kila kilima.

Nyumbani kuna mzigo mwingine ambao Muscat, mji wa pwani, haina: mwinuko. Iringa mjini ni kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu moja ya sita. Injini isiyo na tabo inayotoka bonde la Ruaha na kupanda Kitonga inapoteza nguvu nyingi kwa mwinuko kuliko inazopoteza kwa joto la Muscat. Dereva anakanyaga mafuta, anashuka gia, mwendo ni wa pole nyuma ya malori, upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo, na injini ndiyo inazalisha moto mwingi kuliko wakati wowote wa safari. Mlima ule ni mtihani wa kweli. Oman wana wao, Jebel Akhdar, ambao uwanda wake wa Saiq uko kama mita 2,000 juu. Polisi wana kizuizi chini ya mlima na gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu yote manne haliruhusiwi kupanda. Kitonga ni barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia, kila mtu anapita, kuanzia semi hadi Vitz iliyojaa familia na magunia.

Lakini mtihani mgumu si lazima mtu aufeli. Rejeta hutoa joto kwa kadiri ya tofauti kati ya maji yaliyomo ndani na hewa ya nje. Maji yakiwa nyuzi 95 na hewa ya Muscat ni 45, tofauti ni 50. Nyumbani hewa ikiwa 30, tofauti ni 65. Rejeta ile ile, feni ile ile, nyumbani ingefanya kazi kwa wepesi zaidi, karibu theluthi zaidi. Kweli, magari yanayouzwa Ghuba na mawakala mara nyingi hufungwa rejeta kubwa na kiyoyozi chenye nguvu zaidi kuliko yale ya Japani tunayoagiza sisi. Hata hivyo nafuu ya nyuzi 15 si ndogo. Nyumbani tunapewa nafuu hiyo bure, kisha tunaipoteza gereji.

Tunaipoteza kwanza kwa maji. Maji matupu kwenye usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100. Iringa huchemka kwa kama 95, kwa sababu ya ule mwinuko. Injini ya kawaida hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 100. Linganisha namba hizo: gari lisilo na hitilafu yoyote, likiwa na joto lake la kawaida kabisa, linaweza kuchemsha juu ya Kitonga ikiwa ndani kuna maji ya bomba na mfuniko wa rejeta umelegea. Mfuniko ule una spring na mpira, kazi yake ni kubana maji yasichemke mapema, kama sufuria ya presha jikoni. Ukiwa mzima, na ndani kuna mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji safi, kuchemka kunasogea hadi karibu nyuzi 129. Umenunua nyuzi zaidi ya thelathini za usalama kwa mfuniko na dumu moja la kulanti.

Hapa Muscat kuna mzee mmoja mwenye gereji Wadi Kabir, mzaliwa wa Unguja, aliyekuja Oman miaka ya sabini. Gari likiletwa linalopata moto, swali lake la kwanza ni la mfuniko. "Mwanangu, mfuniko umeutazama?" Ana pampu ndogo ya kuupima kama bado unabana. Nyumbani mfuniko ukipotea tunatafuta wowote unaoingia. Namba iliyoandikwa juu yake, 0.9 au 1.1, watu huipita tu. Na hata maji yenyewe: visima vingi vya Dar karibu na pwani vina chumvi, na chumvi hiyo ikiingia kwenye rejeta ya aluminiamu huitafuna, kisha kutu na magamba huziba vijia vyembamba. Niseme haki: maji matupu hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Kulanti inatakiwa kwa sababu inazuia kutu na inachelewesha kuchemka, na hayo mawili ndiyo yanayotuua.

La pili ni themostati, na hapa ndipo ninapopata uchungu hasa. Nilisimama gereji moja ya Gerezani, Dar, nikimtazama fundi akiifungua kwenye gari la ndugu yangu. Nikamuuliza, "Fundi, mbona unaitoa?" Akanijibu kwa upole, "Dada, hii ni ya nchi za baridi. Huku kwetu haina kazi, inapandisha moto tu." Maneno hayo nimeyasikia Dar, Morogoro na Arusha, na wateja wanayakubali.

Nchi za baridi? Julai 2018, mwezi mmoja baada ya ule usiku wa Qurayyat, mji wa Kumagaya nchini Japani ulifika nyuzi 41.1. Majira yao ya joto, pamoja na unyevu na foleni za Tokyo, ni makali kuliko Desemba yetu. Magari yale yale tunayoyanunua yalipita humo yakiwa na themostati na kulanti yake. Oman vilevile: katika nchi ya nyuzi 45 sijaona fundi anayeitoa.

Kazi yake ni kushikilia maji ndani ya injini mpaka yafike kama nyuzi 82, kisha kuyafungulia njia ya rejeta. Bila hiyo, asubuhi ya Makambako au Njombe injini haipati moto wake. Sensa inaiambia kompyuta injini bado ya baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada, petroli inashuka kwenye oili na kuifanya nyepesi, na unyevu haukauki humo ndani. Vitz na Passo nyingi hazina geji ya joto, zina taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya hatari. Ukipanda gari la namna hiyo nyumbani ukaona bluu inawaka hadi katikati ya safari, ujue themostati ilishatupwa.

Hayo ni ya safari ya kawaida. Mlimani kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina sahani ya pili chini yake. Inapofunguka kuelekea rejeta, sahani hiyo huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato hubaki wazi siku zote. Sehemu ya maji inazunguka na moto wake bila kupozwa, na injini inapohitaji rejeta yote, juu ya Kitonga, inapata nusu nusu. Tunatoa kifaa ili gari lisipate moto, na kwa kukitoa tunalipatia sababu ya kupata moto.

Siwezi kuwalaumu mafundi peke yao, ninajua wanafanya kazi katika hali gani. Themostati ikikwama imefungwa, injini inakwisha kwa dakika chache, na soko la vipuri limejaa bandia zinazokwama. Fundi akifunga bandia na gari likachemsha, lawama ni zake. Akiitoa, mteja anaondoka na gari linalotembea leo. Na mwenye gari lenye hosi zinazovuja haoni sababu ya kumwaga kulanti ya pesa barabarani. Hesabu hizo ni za mtu mwenye pesa ya wiki hii tu. Ila deni linakuja: silinda hedi ya aluminiamu inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili, injini inanoki. Gari ambalo familia ilichangia kwa miaka, au ambalo kijana analipia marejesho kwa kubeba abiria, linabaki uani limefunikwa turubai.

Na Oman hawana kila kitu cha kutufundisha. Huku watu huacha injini ikinguruma nje ya duka nusu saa ili kiyoyozi kisizimike, na wengi hawafungui bonneti mpaka siku ya kuhuisha mulkiya, yaani kadi ya gari. Joto linaua betri zao haraka, wao hununua nyingine. Dereva wa nyumbani hukagua maji na oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, jambo ambalo huku nimeliona kwa wachache sana. Madereva wetu wa malori wanaopanda Kitonga huzima kiyoyozi mapema, huingia gia ndogo kabla injini haijalemewa, na wanasikia kwa sikio kabla geji haijasema. Ujuzi huo ni mkubwa. Unastahili kuambatana na rejeta iliyojaa kulanti.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwa safari ya Desemba, mwambie fundi airudishe themostati, na ununue kwa muuzaji unayemwamini hata kama bei ni mara tatu. Unaweza kuipima mwenyewe kabla ya kufungwa: itie kwenye maji jikoni, yapashe, uone kama inafunguka yanapokaribia namba iliyochapwa juu yake. Nunua mfuniko wenye namba inayolingana na ya gari lako. Safisha rejeta, jaza kulanti, na kama ni ya kuchanganya tumia yale maji ya betri ya dukani yasiyo na asidi, si ya kisimani. Nasi tulio nje, tunapowatumia ndugu vipuri tuanze na hivi vidogo kabla ya redio na taa za kupendeza.

Ikitokea gari limechemsha mlimani licha ya yote, zima kiyoyozi, egesha mahali salama, zima injini, na usiguse mfuniko. Maji yaliyobanwa humo yana moto kupita kiwango cha kuchemka. Ukifungua, yanageuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, chuma kinaweza kupasuka. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika hosi ya juu kwa mkono bila kuungua. Wafundishe hivyo vijana na utingo wote unaosafiri nao, kwa maana mara nyingi wao ndio wanaotumwa kufungua.