Usiyatupe Majani Yale

Kisangani, Makiso

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, pamoja na ile bahasha ya majani uliyomkabidhi dereva. Imepita Beni, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, imelowa pembeni tu, na kwa barabara ile hilo ni la kumshukuru Mungu.

Unaniambia jirani yenu mfanyabiashara alikuletea kutoka Guangzhou paketi mbili. Moja ni ya chai ya kijani, nyingine ni ya ulongi, ile ambayo chini ya herufi za Kichina wameandika Oolong. Ukazichemsha zote mbili kama mama yako anavyochemsha chai ya asubuhi, zikatoka chungu kama kongobololo, na sasa unataka kumgawia mtu. Usimgawie mtu. Majani hayana kosa lolote. Uchungu ule umetoka kwenye ukali wa maji na urefu wa muda, na vyote viwili viko mikononi mwako.

Chai anayopika dada yangu ni ya punje ndogo nyeusi. Punje zile hupita kwenye mashine yenye meno, iliyobuniwa Assam huko India katika miaka ya 1930, inayoponda jani, kulichana na kuliviringa kwa mpigo mmoja. Karibu chai yote ya Kenya hutengenezwa hivyo. Punje imekusudiwa itoe rangi na ukali upesi, ibebe maziwa, tangawizi na sukari bila kupotea. Ichemshe unavyotaka, itavumilia. Jani zima halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Na mti ni mmoja, hilo lishike. Chai nyeusi, ya kijani na ulongi zote ni za mti ule ule unaoota Butuhe, hapo karibu nanyi. Wataalamu wanauita Camellia sinensis. Kinachozitofautisha ni yale wanayolifanyia jani baada ya kulichuma. Likishapondwa, hewa inaanza kuligeuza. Ukiiacha imalize kazi, jani linakuwa rangi ya shaba, na likikaushwa linakuwa jeusi. Kwa chai ya kijani wanaizuia hewa mapema, siku ile ile ya kuchuma: Wachina wanalikaanga jani kwenye karai kavu, Wajapani wanalifukiza kwa mvuke. Ulongi uko katikati, na ndio wenye kazi. Majani huanikwa juani kidogo, hurushwarushwa kwenye nyungo za mianzi mpaka kingo zichubuke, hupumzishwa, hurushwa tena, pengine usiku mzima, hadi kingo ziwe nyekundu na katikati kubaki kijani. Hapo ndipo unapoingia moto wa kusimamisha. Wapo wanaosimamisha mapema, chai ikanukia maua. Wapo wanaoliacha liende mbali kisha wakalichoma taratibu kwa makala, ikanukia mkate na matunda makavu.

Yako ni ya namna ya kwanza. Ni vijipira vilivyokazwa, jinsi wanavyoviringa Anxi katika mkoa wa Fujian, na ng'ambo ya bahari kisiwani Taiwan. Niliviweka kwenye kikombe cheupe cha enameli ili nione. Maji ya kwanza vililegea tu. Kufika maji ya tatu vilikuwa vimefunguka vyote: majani yenye urefu wa kidole, manene, mengine yakiwa bado yameshikana kwenye kijiti chao, na ukingoni mwa kila moja mstari mwembamba wa rangi ya kutu. Huo mstari ndio alama ya zile nyungo. Ukimaliza kunywa usikimbilie kumwaga makapi. Yatandaze kwenye sahani uyasome. Majani yaliyokatikakatika na kugeuka vumbi yatakuambia bei uliyotozwa ilikuwa ya haki au la.

Sasa maji, maana hapo ndipo ulipoangukia.

Ndani ya jani mna vitu visivyotoka kwa mwendo mmoja. Theanini, inayoleta ule utamu mzito wa mchuzi, hutoka hata kwenye maji yasiyo makali. Katekini na kafeini, zenye uchungu na ukakasi, hutoka kwa wingi kadiri maji yanavyokuwa ya moto na jani linavyokaa ndani. Ukilichemsha jani la kijani juu ya mbabula dakika kumi, umelikamua kila kitu, na kilicho kichungu kinakifunika kile kitamu. Jani la kijani linataka nyuzi 75 hadi 80. Ulongi unataka 90 na zaidi, kwa sababu kile kijipira kilichokazwa hakifunguki kwa maji ya uvuguvugu.

Utaniuliza kipimajoto utakitoa wapi. Huna haja nacho, jiografia itakusaidia. Sisi huku Kisangani tuko kwenye mita 400 hivi juu ya bahari, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 99. Nyinyi mko juu milimani, mita zaidi ya 1,700, na maji yenu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maana yake, kwa ulongi usisubiri chochote: maji yakichemka, mimina. Kwa chai ya kijani, changanya. Mimi natia vikombe vitatu vya maji yanayochemka na kimoja cha maji ya mtungini, napata nyuzi 80. Wewe tia vinne kwa kimoja, utafika hapo hapo au chini yake kidogo. Ila hayo maji baridi yawe yamechemshwa jana yake na kufunikwa. Kipindupindu hakijali kama unakunywa chai ya bei ghali.

Na maji yenyewe yaangalie. Hapa kwetu mvua haitukosi, na maji ya mvua ni laini sana, hayana chokaa, chai ya kijani inayapenda. Lakini acha mvua ioshe mabati kwanza kabla hujaweka pipa. Ya bomba, kama yananuka dawa, yaache usiku kucha kwenye chombo kilicho wazi. Maji ya kisima yenye harufu ya chuma yatakupa kikombe cheusi chenye ladha ya msumari. Na tafadhali, usichote maji ya chai kwa bidoni lililowahi kubeba mawese. Umelisugua kwa mchanga, umelisugua kwa sabuni, mawese bado yamo. Chai ya maziwa itayaficha. Hii haifichi kitu.

Kuhusu kipimo: gramu tatu kwa kikombe cha mililita 200. Kwa vijipira vya ulongi hiyo ni kijiko kidogo kimoja, bila kilima. Kwa majani marefu yaliyojikunja ovyo ni kijiko kikubwa kilichojaa, kwa sababu yanashika nafasi bila uzito. Huku kwetu mizani midogo haikosekani, unajua mji huu umeishi na nini. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo kikombe kimoja ni karati 15. Jirani yangu aliyekuwa akinunua almasi alinipimia kwa mizani yake ya kazini, akasema hajawahi kuona jiwe jepesi kiasi kile.

Chai ya kijani iache dakika mbili, chuja yote, usibakize maji juu ya majani. Mara ya pili dakika mbili tena, mara ya tatu zaidi kidogo. Kwa ulongi una njia mbili. Ya kwanza ni hiyo hiyo ya kikombe kikubwa, dakika tatu. Ya pili ni ya watu wa Chaozhou, katika mkoa wa Guangdong: majani mengi, gramu tano au sita, kwenye chombo kidogo cha mililita 100, unamimina maji ya moto, unahesabu sekunde ishirini au thelathini, unachuja, unakunywa, unamimina tena. Majani mazuri hustahimili mara tano, sita, na kila kikombe kina sura yake. Wao wana kibakuli maalumu chenye mfuniko. Kikombe cha kawaida na kisosi cha kukifunika vinatosha. Shika kwa kitambaa, utaungua. Mimi naipenda hii ya pili siku ya Jumapili, na ya kwanza siku za kazi. Wanaokuambia ni lazima ununue birika la udongo la dola mia, waache wauze birika lao.

Utasema mbona Wamali na Wasenegali unaokumbuka kuwaona hapa ulipokuwa ukija likizo, wale waliofuata almasi, wanaichemsha chai ya kijani juu ya makala mpaka inatoa povu, na hakuna anayelalamika? Ni kweli. Wanatumia chai ya China, ile ya paketi za karatasi zenye namba 9371 au 41022, ndani ya kibirika kidogo cha enameli. Wanaikamua makusudi, kisha wanatia sukari nyingi na nana, wanamimina kutoka juu, raundi tatu, na raundi ya tatu inakuwa laini kwa sababu jani limechoka. Uchungu kwao ni nusu ya mapishi, sukari ndiyo nusu nyingine. Ulichofanya wewe ni kuchukua nusu moja tu. Ukitaka ya namna yao, chukua zote. Lakini ulongi wako usiufanyie hivyo, ni hasara.

Kuonja sasa. Pale Mombasa, ambako mnada wa chai ulihamia kutoka Nairobi mwaka 1969 na ambako hata chai ya Kongo hupelekwa, waonjaji hufyonza kijiko kwa kelele kisha hutema. Ile kelele ina kazi: inaitawanya chai mdomoni pamoja na hewa, harufu ikapanda puani kupitia nyuma ya koo. Nyumbani fanya hivyo bila haya, ila usiteme. Kanuni ya kimataifa, ISO 3103, inasema gramu mbili kwa mililita 100, maji yanayochemka, dakika sita. Kikombe kama hicho kinafichua kasoro za chai kwa mnunuzi. Hakikukusudiwa kumfurahisha mtu, basi usiige.

Wewe fanya hivi. Nusa majani makavu ndani ya kikombe kilichopashwa moto. Nusa tena yakilowa. Kunywa funda dogo, tambua linakugusa wapi: ukakasi unakausha mashavu, uchungu unakaa ulimini. Halafu meza, ufunge mdomo, usubiri. Katika ulongi mzuri kuna utamu unaorudi kooni baada ya kumeza, na watu wengi huukosa kwa sababu wameshakimbilia funda la pili au wametafuna andazi. Usiionje karibu na jiko la samaki. Na usiinywe pamoja na sombe: chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye mboga, na wewe daktari alishakuambia habari ya damu yako. Ngoja saa moja baada ya kula.

Wanaouza chai ya kijani sokoni kama dawa ya kuondoa tumbo, usinitajie. Ni kinywaji.

Kuhifadhi: kopo la bati linalofunga kabisa, pasipo jua, mbali na sabuni, petroli na makayabu. Jani kavu hunyonya kila harufu, na unyevu wa huku ungekuwa umeshaliua. Nyinyi baridi yenu inawasaidia. Ya kijani inywe mapema, ndani ya miezi michache. Ile bahasha iliyolowa niliitandaza kwenye sufuria juu ya makala yaliyokaribia kuzimika, nikaigeuzageuza mpaka ikakauka, na haijaharibika.

Sasa nina kazi ya kukupa, wewe unayesoma kilimo. Nenda Butuhe kwa adabu, omba mkono mmoja au miwili ya machipukizi: ncha na majani mawili yanayoifuata, yaliyochumwa asubuhi. Siku ile ile, pasha moto sufuria kavu isiyo na harufu ya kitunguu wala mafuta. Tia majani kidogo kidogo, yageuze kwa mikono upesi upesi, dakika tatu au nne, mpaka ile harufu ya nyasi mbichi iondoke na majani yalegee bila kuungua. Yamwage kwenye ungo, yaviringe kati ya viganja yakiwa bado na joto, kisha yarudishe kwenye moto mdogo sana hadi yakauke na kuvunjika ukiyabana. Usitegemee yafanane na ya Guangzhou. Miti ya kwetu huku Afrika mashariki mingi ni ya ukoo wa Assam, yenye jani pana na katekini nyingi, kwa hiyo maji yake yawe ya upole zaidi, nyuzi 70 hivi. Ndiyo maana nataka kuionja: wanaokunywa chai nyeusi ya milima hiyo ni wengi, lakini jani lake la kijani mimi sijapata kulionja.

Yakikauka, yafunge kwenye plastiki mara mbili na kopo juu yake, umpe dereva yule yule. Andika juu ya kopo tarehe ya kuchuma, na kama uliyakausha kwa makala au kwa umeme. Gharama niambie, nitamtumia mama yako kwenye simu. Umsalimie sana, mwambie shati la shemeji limeshonwa, linasubiri msafiri.

Mimi noko wako